Chumba Nilichokikwangua kwa Wembe

Mwanangu Awuor,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda Kondele kuwaaga wenzako, umevaa viatu vipya vinavyokubana na unajifanya havikubani. Hali yangu nawe unaijua, au unadhani unaijua, na ndiyo maana nimeketi hapa veranda na kalamu mchana kweupe badala ya kungoja urudi tuzungumze kama watu. Nimejaribu kuzungumza. Tangu Jumatatu nimefungua kinywa mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nakuuliza kama umekula.

Habari za blanketi, za wanaume wa Nairobi, na za kutoiweka sabuni pamoja na mkate, shangazi yako amekwisha kukueleza, tena kwa sauti ambayo sasa hata majirani wako tayari kwa safari. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni la mama yako.

Juzi nilikuuliza kama utapita Bunyore kumuaga. Ukanijibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye sanduku: "Aliyechagua mahindi aagane na mahindi." Nami nikacheka. Awuor, maneno yale umeyatoa kwangu. Sikuwahi kuyasema, mimi ni mjanja kuliko hivyo. Miaka minane nimekuacha uamini kwamba mama yako alituacha kwa ajili ya shamba la mama yake, nyanya yako, na kila ulipomkasirikia, mimi nilikukatia kipande kikubwa zaidi cha samaki. Mama yako hakuondoka kwa ajili ya shamba. Ukipanda treni kesho bila kumwona utakuwa umemwadhibu asiye na kosa, na mwenye kosa atakuwa amesimama kituoni akikupungia mkono.

Sasa nianze nilikoanzia.

Shule niliyosoma unaijua, ilikuwa fupi. Nilianza kazi nikichanganya simiti, kisha nikapandishwa cheo nikawa mshika ile nguzo yenye rangi mbili ya wapima ardhi, kazi ambayo sifa yake kubwa ni kusimama bila kupepesuka. Siku moja Bwana Msanifu, yule Mhindi niliyekuja kumfanyia kazi miaka mingi, aliokota karatasi ya mfuko wa simiti. Mtu alikuwa ameichora kwa mkaa.

"Nani kachora hii?"

"Ni mimi, bwana."

"Hiki ni nini?"

"Chumba cha boi kule nyuma ya nyumba ya mwenye duka."

"Vipimo umevitoa wapi?"

"Nimelala humo mwaka mmoja, bwana. Ukilala unajua miguu inafika wapi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Wiki ile nikapewa meza, rula na chupa ya wino.

Alinifundisha mistari. Kutazama nilikuwa nako tayari. Jumapili watu walipokwenda kanisani, mimi nilikwenda kuwatembelea waliobaki nyumbani. Nilizunguka katika zile nyumba za wafanyakazi nikikubali chai kila mlango, na wakati mwenye nyumba akisimulia habari za ndugu zake, mimi nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitandani mpaka jikoni. Nilijua ni nani ameziba dirisha kwa kabati na kwa nini. Nilijua kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga huketi mlangoni, hata umjengee sebule ya gavana, kwa sababu mlangoni ndipo penye mwanga na habari. Nilijua kwamba chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba ndogo ni kivuli kilicho nje. Wenzangu waliona nina tamaa ya chai. Wacha waone.

Basi miaka ile ziwa lilipopanda na watu wa ufukoni wakahama na mabati yao vichwani, Bwana Msanifu akapewa kazi ya kuchora nyumba ndogo, za gharama ndogo, zinazoweza kujengwa kwa vitu vya hapa hapa. Akaniambia, "Wewe unawajua watu. Chora ya kwanza, uijenge kwenye kiwanja chako Manyatta, tuone kama inakalika." Mwanangu, nilitembea siku ile kama mtu aliyeposa na kukubaliwa.

Nyumba yenyewe unaijua kwa mgongo na kwa nyayo, umekulia humu. Matofali ya udongo ulioshindiliwa, simiti kidogo tu ya kuushika. Sakafu imeinuliwa ili mvua ipite ikienda zake. Juu, chini ya mabati, mikeka ya mafunjo, ndiyo maana saa nane mchana jirani wanakimbia nyumba zao wanakuja kwetu "kusalimia". Madirisha yametazama ziwa, yanapokea upepo wa alasiri bila kubisha hodi. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Ni nyumba nzuri. Ubaya wake ndio huo.

Mama yako aliiona kwanza ikiwa karatasi. Yeye Mnyore, mimi Mjaluo, tulikutana katikati katika Kiswahili hiki chetu cha Kisumu ambacho mtu wa Mombasa akikisikia huomba maji ya kunywa. Lakini kwa jambo lile alitumia maneno machache yasiyoweza kupotea njiani.

"Baba Awuor, na mama akija?"

"Akija atakula."

"Nimeuliza atalala wapi."

Hili sina haja ya kukufundisha. Kwao kama kwetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hata kula hali mbele yake. Si uadui, ni heshima ambayo imekuwa nzito kama mlango wa mninga, huwezi kuupita kwa ubavu. Nikachora chumba. Futi nane kwa nane, nyuma ya jiko, paa lake peke yake, mlango wake umetazama njia ili mgeni aingie na kutoka bila kukatiza kwetu. Mama yako akaweka kidole pale juu ya karatasi, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaenda kupika.

Kesho yake Bwana Msanifu akauliza, "Hiki huku nyuma ni nini?"

"Chumba cha mgeni, bwana."

"Kwa nini kiko nje? Msingi wake, paa lake, kila kitu mara mbili. Mgeni hawezi kulala sebuleni?"

Nataka uelewe kwamba aliuliza. Aliweka penseli chini akaningoja. Usimlaumu yule mzee, na huko uendako usikubali mtu akuambie kwamba makosa yetu yote yalichorwa na wageni. Sentensi moja ingetosha kumweleza, na angeiandika katika kile kidaftari chake. Lakini niliitazama ramani kwa macho yake, nikaona kile chumba kimetokeza kama jipu. Tena nikaogopa. Nilikuwa na meza, nilikuwa na wino, nilikuwa na tai moja ya kijani. Niliogopa nikimweleza habari za mama mkwe ataniona mtu wa porini aliyekosea njia akaingia ofisini.

Nikamwambia, "Siku hizi wageni hulala sebuleni, bwana. Mambo ya zamani yamekwisha."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akaandika hilo. Mimi nikachukua wembe.

Utafundishwa kazi hiyo, kama bado ipo. Wino kwenye karatasi ile inayopitisha mwanga haufutwi, unakwanguliwa, polepole, wembe umelazwa, ukipuliza vumbi jeusi. Ilinichukua karibu saa nzima. Ile ramani umeifunga ndani ya kitenge uende kuwaonyesha walimu wako kazi ya baba asiyesoma. Waonyeshe. Lakini kwanza iinue dirishani. Nyuma ya jiko utaona mahali karatasi imekuwa na ukungu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Hapo ndipo nyanya yako Rebeka alipotakiwa kulala.

Alikuja mwaka ule wewe ulipokwenda bweni, na kwa hiyo hukuona. Alikuja Jumamosi, miguu imevimba, anakohoa, ameleta kuku na ndizi kana kwamba mgonjwa ni sisi. Daktari alikuwa amwone Jumanne. Usiku wa kwanza na wa pili alilala kwa Mama Okelo jirani yetu. Jumatatu mume wa Mama Okelo akashuka kutoka Kampala kwa likizo, na nyumba yao ni ya chumba kimoja. Mama yako akasema mimi niende kulala kwingine, mama yake aingie. Mimi nilikuwa tayari, au nilisema niko tayari. Nyanya yako akakataa.

"Nyumba ni ya mkwe hata akiwa amelala Mombasa," akasema kutoka veranda, akiwa amenipa mgongo kwa adabu. "Acheni. Mimi hapa naona barabara."

Akakaa veranda, amejifunga blanketi, mama yako kando yake. Ilikuwa majira ya mvua za masika, unajua zinavyopiga kutoka upande. Mimi nililala ndani, chini ya mafunjo yangu, pakavu, nikisikiliza kikohozi. Nyumba ile sauti haipotei. Hilo nalo nilikuwa nimelipigia hesabu, ili mama asikie mtoto akilia.

Jumanne mama yako alikuwa na watoto wa chekechea wa kufundisha, akaniachia mimi nimpeleke nyanya yako hospitali. Nikatangulia na kikapu, naye akafuata hatua kumi nyuma, kama inavyotakiwa. Tulipofika njia panda akasimama.

"Mkwe, hospitali ni wapi?"

"Huku, mama."

"Na basi?"

"Kule."

"Basi nipeleke kule."

"Na daktari, mama?"

"Daktari atasema nirudi kesho, na kesho atasema keshokutwa. Ndivyo walivyo. Nitamkalisha binti yangu kwenye mvua mpaka lini?" Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Nyumba yako nzuri, mkwe wangu. Imejaa tu."

Ningeweza kumpangia chumba mtaa wa Obunga kwa wiki moja. Ningeweza kumwendea mchungaji. Ningeweza kukaa chini palepale njia panda na kukataa kuinuka. Mwanamume mwenye tai akikaa vumbini watu hukusanyika, na mama mkwe hapendi watu wakusanyike. Yote hayo yalinijia baadaye, yamepangwa vizuri. Pale pale lililonijia lilikuwa moja: kesho ni Jumatano. Jumatano Bwana Msanifu alikuwa analeta wageni kutoka Nairobi kuitazama nyumba isiyohitaji chumba cha nje. Wangemkuta mama mkwe wangu veranda na mkeka wake, akila amegeukia ukuta.

Nikafurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo. Nikambebea kikapu mpaka basi, nikamtafutia kiti cha dirishani, na nikarudi nikimwambia mama yako kwamba daktari amemwona, amempa dawa, amesema hana neno, ndiyo maana amepitiliza nyumbani.

"Hata hakuniaga?" mama yako akauliza.

"Basi lilikuwa linaondoka."

Jumatano wageni walikuja. Walipiga ukuta kwa ngumi na kuusifu. Mmoja, mwanamke mwenye kofia ya ukili, akaniuliza, "Na jamaa wakija kukaa?" Nikajibu kama nilivyokwisha jibu. Uongo ukiurudia mara ya pili unakuwa umejua njia.

Nyanya yako hakumaliza mwezi.

Kwenye matanga kule Bunyore, dada yake alikuwa akisimulia waombolezaji siku za mwisho, bila nia mbaya, jinsi watu wanavyosimulia. Akasema, "Alisema mkwe ni mtu mzuri, alimbebea mzigo mpaka kwenye basi." Mama yako alikuwa anawagawia watu maji. Akaliweka chini lile jagi.

"Ulimbebea?"

"Ndiyo."

"Mpaka hospitali?"

"Mpaka basi."

 Alilishika tena jagi, akaendelea kugawa maji, na aliponifikia mimi alinipa.

Hakurudi nami. Alikuja mara moja kuchukua nguo zake wakati wewe uko shule. Akasimama mlangoni, hakuingia ndani kabisa. "Mtoto abaki kwako, shule nzuri ziko huku. Usimwambie ubaya wangu." Nikamwahidi, na ahadi hiyo nimeitunza vizuri sana. Sikukuambia ubaya wake. Nilikuacha uubuni mwenyewe.

Na yeye hakukuambia wangu. Kumbuka zile Krismasi ulizokwenda kwake na uso umekunjwa kama karatasi ya sukari, ukamjibu kwa "ndiyo" na "hapana", naye akakumenyea ndizi na kuuliza habari za hesabu. Neno moja lake lingenimaliza. Alijua uko mikononi mwangu, unakula kwangu, unasomeshwa nami, na hakutaka umpoteze baba huku bado unamhitaji. Kwa hiyo alikubali kupoteza yeye. Nilijua anafanya hivyo. Nilimwacha afanye.

Ile stoo ya nyuma tunamoweka majembe, uliwahi kuniuliza kwa nini ina dirisha zuri namna ile. Niliijenga mwaka uliofuata, futi nane kwa nane. Nilipomaliza nilipanda basi nikaenda Bunyore kumwambia mama yako. Alikuwa akipalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Umemjengea nani sasa, Baba Awuor? Mama ana nyumba yake tayari."

Ramani yangu ilijengwa mahali kadhaa, hilo unalijua, umekuwa ukijivunia kwa wenzako. Lakini nimepita huko Jumapili zangu, ingawa siku hizi chai inanishinda. Karibu kila nyumba imeota kibanda nyuma ya jiko. Mabati makuukuu, mbao za masanduku, gunia mlangoni. Siku moja nilikuwa nimefuatana na vijana wawili wa kazini, wamesoma hasa, na mmoja akasema, "Yawa, watu wetu! Unawapa nyumba ya kisasa wanaibandika uchafu." Wakanitazama mimi mzee niunge mkono. Nilivihesabu vile vibanda, na kila kimoja kilikuwa mahali palepale nilipopitisha wembe. Walikuwa wananisahihisha. Nami nikasema jua ni kali.

Unakwenda kusomea kuchora nyumba, na utajua mambo ambayo mimi niliyabahatisha. Utajua kwa nini udongo unashika na kwa nini bati linatokwa jasho. Siwezi kukufundisha chochote kuhusu nyumba. Ninachokijua ni cha mchoraji. Macho niliyokuwa nayo yaliona kila nyumba ya Kisumu, na hayakushindwa kuiona yangu pia. Niliiona vizuri, nikasema sikuiona, kwa sababu mtu niliyemheshimu alikuwa ameshika penseli ananingoja. Siku utakapoulizwa swali dogo hivyo, na jibu liko kinywani mwako na linanuka kidogo moshi wa nyumbani, sijui utafanya nini. Sitakushauri. Mshauri ni mimi yule yule mwenye tai ya kijani.

Sasa la kesho. Asubuhi nilikwenda stesheni nikaibadilisha tiketi yako iwe ya keshokutwa. Karani akanitania, "Mzee, msichana ameiogopa Nairobi?" Nikamwambia, "Hapana, aliyeogopa ni baba yake." Tiketi iko chini ya barua hii. Ukiona nimekuingilia, nenda kesho hiyo hiyo, kwenye mabehewa ya mbao ya daraja la tatu hawamkatalii mtu. Wewe ni mtu mzima na sanduku ni lako. Lakini basi la kwanza la kwenda Luanda ya Bunyore linaondoka kabla jua halijawa kali, na kutoka pale njia ya kwenda kwa mama yako unaijua hata ukiwa umenuna.

Ukirudi leo jioni hutanikuta. Nakwenda kulala kwa ndugu yangu kule Obunga, usome barua hii bila kulazimika kunisalimia. Ndiyo, najua. Ningejua kulala nje miaka minane iliyopita.

Sikuombi uje unitafute huko. Samaki yuko kwenye sufuria, amefunikwa.

Kwa mama yako usinisemee. Usimwambie nimejuta, wala nimezeeka, wala nimekonda. Hayo ni maombi yaliyovaa nguo za habari. Na akianza kukuuliza mambo ya hesabu kama kawaida yake, mwache amalize kwanza. Kisha mwambie tu kwamba nimekuambia.

Baba yako